Kwanza Jina, Kisha Uji

Ipo nchi moja ambayo kila mchora ramani huiweka pale pale karatasi inapokunjwa, na kwa kukunjwa na kukunjuliwa miaka nenda miaka rudi, jina lake limefutika. Hatutalitafuta. Wenyeji wake huiita Nchi, na Serikali yao huiita Serikali, nasi tutafuata adabu hiyo hiyo.

Katika Nchi hiyo kulikuwa na Ofisi ya Utambulisho, na katika Ofisi hiyo alikuwamo Bwana Gervas Nyakibari, Mkurugenzi Mkuu. Kazi yake ilikuwa moja, nayo tukufu: kusimama mbele ya kipaza sauti cha Taifa na kuwatambulisha wakubwa waliohudhuria. Daraja likizinduliwa, aliwatambulisha waliokuja kulizindua, na mara nyingi jua lilizama kabla ya utepe kukatwa. Yapo madaraja katika Nchi hiyo ambayo mpaka leo hayajavukwa, kwa sababu utambulisho uliahirishwa hadi wiki iliyofuata na mafuriko yakawahi kufika. Bwana Nyakibari hakulihesabu hilo kuwa hasara. Daraja, alisema, ni mawe tu. Cheo cha mtu kikirukwa, ndipo taifa hubomoka.

Msimamo huo aliutoa shuleni. Alisoma Shule ya Bweni ya Wavulana ya Kilima Ukungu, mahali penye baridi, nidhamu na maharage. Kila asubuhi, kabla kijiko hakijagusa bakuli, mgeni yeyote alisimama juu ya benchi akataja jina lake, jina la baba yake, bweni lake na kwao, na bwalo zima likamsikiliza, kuanzia kiranja mkuu hadi mpishi. Asiyetambulishwa hakula. Na aliyeonja uji wakati mwenziwe bado amesimama mlangoni bila kutambulishwa alideki vyoo muhula mzima, hata kama baba yake ni askofu. Juu ya mlango wa bwalo yalichongwa maneno ambayo Bwana Nyakibari aliyabeba kifuani kama wengine wabebavyo saa ya dhahabu: *Kwanza jina, kisha uji.*

Alipopata madaraka aliyafanya maneno hayo kuwa sheria. Wananchi walikuwa na tabia mbaya ya kunyemelea njia ya kutokea uwanjani wakubwa wakiwa bado wanatajwa. Kwa hiyo aliandika Sheria ya Itifaki, na Mtukufu Kiongozi akaitia saini kwa kalamu mbili, moja kwa kila mkono. Kifungu cha kwanza kilisema: "Hakuna mtu atakayekula, kuhutubia, kutia saini wala kuondoka uwanjani kabla mwalikwa wa mwisho hajatambulishwa." Malango yakatiwa makufuli, na tangu siku hiyo mahudhurio yakawa ya kuridhisha sana.

*

Asubuhi moja Bwana Nyakibari aliitwa na Mheshimiwa Daktari Balozi Pantaleo Kuyela, Waziri wa Mambo ya Kisasa, ambaye alikuwa amerejea kutoka safari ya ng'ambo akiwa na kijitabu chembamba na suti mpya.

"Keti, Mzee Nyakibari."

"Nitaketi, Mheshimiwa, ukishatambulishwa."

"Tuko wawili tu humu ndani."

"Ndiyo maana haitachukua muda."

Akamtambulisha Waziri kwa Waziri, kwa ukamilifu, pamoja na shahada za heshima. Waziri aliinuka, akajipungia mkono, akaketi. Ndipo Bwana Nyakibari naye akaketi.

"Unaifahamu Tovuti ya Taifa?" aliuliza Waziri.

"Nimeiona. Ina picha ya Mtukufu na picha ya twiga."

"Hiyo hiyo. Imelala pale kama kalenda ukutani. Mwananchi akiibonyeza, haishtuki."

"Nilidhani imetengenezwa kwa mfano wa wizara."

"Usinikatize, Mzee. Sasa kuna lugha." Waziri akakiinua kile kijitabu kama mhubiri. "Utangulizi wake huu hapa. Ni lugha ya maandishi mafupi mafupi, unayachomeka ndani ya ukurasa wa mtandao, nao unaamka. Unasalimu, unajumlisha, unajibu ukiguswa. Mwananchi ataomba cheti cha kuzaliwa akiwa amelala kitandani kwake."

"Na uzinduzi?"

"Siku ya Taifa. Mtukufu atabonyeza kitufe, na ukurasa wenyewe utawatambulisha wakubwa wote kwa sauti, kuanzia yeye hadi wa mwisho, bila kukohoa wala kunywa maji. Kisha utasema 'Karibuni, wananchi', na huduma zitafunguka."

Bwana Nyakibari alihisi ubaridi wa Kilima Ukungu ukimpanda kutoka kwenye soksi.

"Na mimi, Mheshimiwa?"

"Wewe utaagwa. Ofisi yako inafungwa siku hiyo hiyo. Tumekuandalia saa ya ukutani na mbuzi jike mwenye utepe. Kipaza sauti kitakwenda Makumbusho." Waziri akakohoa kidogo kwa huruma ya kiserikali. "Ila kabla ya hapo utakaa na mtaalamu, uiingizie mashine vyeo vyote kwa mpangilio wake. Hakuna mwingine anayevijua."

Bwana Nyakibari alitoka pale kama mtu aliyeombwa aazimishe jembe lake likachimbe kaburi lake, tena akaombwa alinoe kwanza. Lakini hakukataa. Kilima Ukungu hawakufundishwa kukataa kazi. Walifundishwa kuifanya sawasawa wakiwa wamenuna.

*

Mtaalamu alikuwa Mhandisi Hidaya Mkwizu, mwanamke wa makamo aliyesomea ng'ambo na kurudi na shahada, miwani na ulimi.

"Shikamoo, Mzee. Nimeambiwa umekuja kujifunza kwa hasira."

"Marahaba. Nimekuja kwa amri."

"Hata hiyo inatosha. Tazama." Akaandika kwenye kompyuta maneno mawili: *onyesha mgeni*. Akabonyeza. Skrini ikatoa maandishi mekundu: *KOSA. mgeni: hajulikani.*

"Imekasirika," alisema Bwana Nyakibari.

"Haina hasira. Inauliza tu, huyu mgeni ni nani? Umemtaja kabla hujamtambulisha kwangu. Lazima kwanza useme: *weka mgeni awe fulani*. Ukishamtambulisha, mtaje utakavyo."

Bwana Nyakibari akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Rudia hapo."

"Haikubali kumtaja asiyetambulishwa. Inasimama pale pale, haiendelei hatua moja mbele."

"Hata kama ni Waziri?"

"Hata akiwa Waziri wa Mawaziri."

"Hata kama kila mtu anamjua?"

"Haimjui mtu kwa uso, Mzee. Wala haipokei simu kutoka juu."

Bwana Nyakibari aliitazama ile skrini kama mtu anayemwona ndugu yake aliyepotea akishuka garini na sanduku lake.

"Aliyeitunga lugha hii," alisema polepole, "alisoma bweni."

"Sijui alikosoma."

"Alisoma bweni, Bibi. Haiwezekani vinginevyo."

Tangu siku hiyo aliripoti kwa Hidaya mapema kuliko wafagizi. Alijifunza kwamba jina ni kama sanduku, na ukishalitambulisha unaweza kuweka ndani yake mtu, cheo au namba. Alijifunza kwamba kila jambo hutekelezwa kwa zamu, kutoka mstari wa juu kwenda wa chini, bila mtu kuruka foleni, na hapo nusura atokwe na machozi.

Habari zikaenea, na wakubwa wengine wakaja kuiona lugha. Mkuu wa Polisi alifundishwa lile neno *kama* na mwenziwe *la sivyo*. Alilisikia *la sivyo* mara moja tu akasema imetosha, ameielewa lugha nzima. Waziri wa Mipango alionyeshwa amri ya *rudia*, ambayo kwayo mashine hulifanya jambo lile lile tena na tena bila kikomo mpaka iambiwe mahali pa kusimama. Alicheka kwa upole. Alisema hilo yeye amelijua tangu Mpango wake wa kwanza wa Maendeleo.

Aliyefurahi kuliko wote ni Waziri Kuyela. Aliambiwa kwamba katika programu ipo sehemu ya maelezo, na kwamba yaliyoandikwa humo mashine huyaruka bila kuyasoma.

"Mtu anaweza kuandika kwa urefu gani?" aliuliza.

"Kwa urefu autakao, Mheshimiwa," alijibu Hidaya.

"Na hakuna wa kumkatiza?"

"Hakuna kabisa."

Waziri akaagiza hotuba yake yote iwekwe humo. Iliwekwa, na mashine ikairuka kwa heshima zote. Alikiri hadharani kwamba hajawahi kupata wasikilizaji watulivu namna ile.

*

Bwana Nyakibari aliwaingiza wote. Aliingiza Mtukufu Kiongozi na majina yake ya ushindi, mawaziri, manaibu, manaibu wa manaibu, majaji, majenerali, wenyeviti wa bodi, wenyeviti wa bodi zilizovunjwa lakini viti vimebaki, wajane wa heshima, na mbwa wawili wa polisi wenye vyeo vya sajini. Aliweka sharti kwamba jina lolote lisilo na cheo likataliwe. Aliweka pia kwamba kila akitajwa mtu, mashine isubiri asimame, apunge mkono, abonyeze kitufe cha kitini kwake, ndipo iendelee.

Mstari wa mwisho, ule wa *Karibuni, wananchi*, aliuandika Hidaya, kama Waziri alivyoagiza.

"Mzee," alisema Hidaya, "tuijaribu sasa, tuone kama imekamilika."

"Tuijaribu vipi?"

"Tubonyeze, iwataje wote hadi chini."

Bwana Nyakibari alimtazama kana kwamba amependekeza wavae kaptura kanisani.

"Unataka Mtukufu Kiongozi atajwe akiwa hayupo? Asimame nani? Apunge mkono nani? Wakubwa hawatajwi kwa majaribio, Bibi."

"Lugha hii haina mkaguzi wa kupita mbele, Mzee. Hufika mstarini, ndipo huuliza. Una hakika kila anayetajwa umemtambulisha?"

"Katika utumishi wangu wote sijamruka mtu."

"Haya. Mashine yenyewe itasema," alisema Hidaya, akafunika kompyuta taratibu, na tabasamu lake lilikuwa la mtu aliyeona sufuria inataka kufurika akaamua kukaa mbali na moto.

*

Siku ya Taifa uwanja ulifurika. Jukwaani palikuwa na kivuli, mazulia na mito. Mbele yake skrini kubwa kama ukuta wa godauni. Na kitufe chekundu kilikaa juu ya mto wa mahameli. Nyuma ya jukwaa alifungwa mbuzi jike mwenye utepe, na kando yake saa ya ukutani ikingoja kupewa mtu. Wananchi walisimama juani, nyuma ya uzio, malango yakiwa yametiwa makufuli kama sheria inavyoelekeza. Walikuja kwa wingi kwa sababu kadi za mwaliko zilizobandikwa kila mtaa zilisema: "Wananchi wote mnaalikwa." Mbele kabisa, kifua kwenye uzio, alisimama Bi. Sikudhani Mbawala, muuza vitumbua wa Stendi ya Zamani, na mtoto mgongoni.

Mtukufu Kiongozi akabonyeza. Ukurasa ukaamka. Sauti laini ikaanza kutambulisha.

Ilikuwa kazi safi. Hilo lazima lisemwe. Asubuhi ikaenda, mchana ukaja. Majaji walisimama na kupunga, majenerali walisimama na kupunga, sajini wa miguu minne walibweka kwa zamu. Bwana Nyakibari, amekaa ukingoni mwa jukwaa mikono juu ya magoti, alisikia kazi ya maisha yake ikitamkwa na koo lisilo lake, na hakujua kama kinachomuuma ni wivu au fahari. Hapakuwa na aliyerukwa. Kila cheo kilikaa mahali pake. Angeondoka na mbuzi wake, lakini angeondoka bila doa.

Ndipo sauti laini ilipofika mstari wa mwisho.

"Karibuni," ilianza, kisha ikakatika. Skrini ikawa nyekundu, na mashine, ambayo haikufundishwa aibu, ikasoma kwa sauti iliyosikika hadi sokoni:

"Kosa. Mstari wa mwisho. Wananchi: hajulikani. Hajatambulishwa."

Uwanja ukanyamaza. Mbuzi peke yake aliendelea kutafuna.

"Kumbe," alisema Bi. Sikudhani kule uzioni. "Miaka yote nilidhani ni mimi tu."

Kicheko kikapita nyuma ya uzio kama upepo kwenye mtama. Waziri Kuyela akamrukia Hidaya, aliyeketi kwenye kompyuta kando ya skrini. "Ufute huo mstari. Haraka. Ukifutwa, ukurasa utafunguka?"

"Utafunguka, Mheshimiwa. Ila hautakuwa umefunguliwa mtu yeyote."

"Hilo halina tatizo."

Mkuu wa Polisi alipendekeza wananchi waandikwe kuwa *la sivyo*. Waziri wa Mipango alishauri waandikwe kuwa namba ya kukadiria, itakayopitiwa upya baadaye. Mtukufu Kiongozi, ambaye hakuzoea kuona rangi nyekundu isiyo zulia, akageuka.

"Nyakibari, hawa si tunawajua?"

Bwana Nyakibari alikuwa akitazama uzio. Angeweza kunyamaza, mstari ungefutwa, naye angepewa saa na mbuzi kwa makofi. Lakini machoni pake uzio ule haukuwa uzio tena. Aliliona bwalo la Kilima Ukungu. Meza ya mbele walikuwa wamekula uji wakashiba, wakaongezewa, na kumbe shule nzima bado imesimama mlangoni, imeshika mabakuli matupu, haijaulizwa jina. Na aliyekuwa zamu ya mlangoni, miaka yote hiyo, alikuwa yeye.

Kwa sheria za Kilima Ukungu, vyoo vya kudeki vingemmaliza.

Akainuka, akakichukua kipaza sauti cha Taifa, ambacho tayari kilikuwa kimefungwa utepe wa Makumbusho.

"Mtukufu Kiongozi," alisema, "mwalikwa hafutwi. Hutambulishwa."

"Kaa chini, Mzee," Waziri Kuyela alimnong'oneza kwa meno. "Wewe umeshaagwa."

"Bado, Mheshimiwa. Kuaga kunahitaji hotuba, na kifungu cha kwanza hakiruhusu mtu kuhutubia kabla mwalikwa wa mwisho hajatambulishwa. Kadi inasema wananchi wote wamealikwa. Umeitia saini mwenyewe."

Mtukufu Kiongozi akaona mambo yanarefuka. Akasimama, akatengeneza koti, akateremka kuelekea lango la heshima. Askari wa lango alimpigia saluti ya kupendeza mno, wala hakugusa kufuli.

"Fungua, kijana."

"Samahani, Mtukufu. Kifungu cha kwanza."

Mtukufu alimtazama askari, akalitazama kufuli, akakumbuka kwamba vyote viwili alivizindua mwenyewe. Akarudi kitini.

"Kwani ni wengi?" aliuliza.

"Kila mwaka, Mtukufu, wewe ndiye hutuambia kwamba ni mamilioni," alisema Bwana Nyakibari, "na kwamba wote wanakupenda."

Kisha akanyoosha kidole kwenye uzio. "Wewe mama, pita mbele. Jina lako?"

"Sikudhani Mbawala."

"Cheo?"

"Cheo nikitoe wapi, baba?"

"Mashine haipokei asiye na cheo."

"Basi iambie napika vitumbua."

Hidaya akaandika. Skrini ikaacha uwekundu, na sauti laini ikatangaza, kwa uzito ule ule iliowatangazia majaji: "Mheshimiwa Bi. Sikudhani Mbawala, Mkuu wa Vitumbua, Stendi ya Zamani." Ikasubiri. Bi. Sikudhani akapunga mkono, mwanzo kwa haya, kisha kwa kunogewa, na Hidaya akambonyezea kitufe. Na kwa kuwa itifaki inataka hivyo, Mtukufu Kiongozi akainuka nusu, akainamisha kichwa, akaketi.

"Na huyo mgongoni?"

"Huyu ndiye niliyemfuatia cheti. Anaitwa Tumsifu."

"Cheo?"

"Jamani, Mzee. Ana meno mawili tu."

"Mheshimiwa Mtoto Tumsifu," ilisema mashine, "Mwenye Meno Mawili."

Mtukufu akainuka nusu tena. Nyuma ya uzio watu walianza kujipanga mstari, mmoja nyuma ya mwingine, bila polisi kuombwa, kila mtu akinong'ona na jirani yake kutafuta cheo kitakachomfaa.

*

Wapitao Nchi hiyo husema shughuli bado inaendelea. Ofisi ya Utambulisho haikufungwa; imepewa jengo la Wizara ya Mambo ya Kisasa, kwa kuwa Wizara yenyewe iko jukwaani haiwezi kutoka. Kila mtaa ukimalizika, watoto wengine huwa wamezaliwa katika mtaa uliotangulia, na haki yao ni ile ile. Masika yalipofika, jukwaa liliongezwa turubai. Mbuzi wa kuagia amezaa mara mbili. Wanawe nao wanangoja utepe. Na kwa kuwa hakuna awezaye kutia saini kabla ya mwalikwa wa mwisho, hakuna sheria mpya, hakuna kodi mpya, wala safari ya ng'ambo. Wapo wanaodai kwamba tangu hapo mambo yamekuwa nafuu, na kwamba madaraja mawili matatu yameanza kuvukwa kimyakimya. Sisi hatusemi, sisi ni wageni.

Suala la chakula lilileta wasiwasi mwanzoni, mpaka daktari wa Ikulu alipothibitisha kwamba uji hauliwi bali hunywewa, na kwa hiyo haukatazwi na kifungu. Hutolewa mara moja, kila mtaa unapokwisha, kwa waliopo uwanjani wote, kutoka sufuria moja.

Juzi, katikati ya Mtaa wa Washona Viatu, Mtukufu Kiongozi alijiegemeza upande wa Mkurugenzi Mkuu na kuuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mvulana mgeni siku yake ya kwanza bwaloni:

"Nyakibari, ule uji bado?"

Bwana Nyakibari alikuwa amemwelekezea kipaza sauti mzee mmoja wa kutia viraka, aliyevaa shati alilopigia pasi kwa ajili ya siku hiyo. Hakugeuka.

"Kwanza jina, Mtukufu," alisema.